Mwani wa Paje na Milango ya Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba zetu huingia katika msimu mwingine, nao ni msimu wa kuchagua masomo ya chuo kikuu. Baba ana rai yake, mama ana yake, mjomba aliyeko mjini naye hupiga simu kutoa ya kwake, na kijana mwenyewe mara nyingi huulizwa mwisho. Aliyesoma fizikia, kemia na biolojia huambiwa akasome udaktari. Aliyesoma historia, jiografia na lugha huelekezwa kwenye sheria, na akikosa nafasi huko, kwenye ualimu. Mwenye uchumi na hesabu hupangiwa uhasibu kabla hajafungua kinywa.

Mgawanyo huu una sababu yake. Vyuo vyetu vimejengwa kwa vitivo, na kila kitivo kina mlango wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache. Vingine vilifuata, kila kimoja na jengo lake, walimu wake na istilahi zake. Kijana huingia katika mlango mmoja, na baada ya miaka mitatu au minne hutoka kwa mlango huo huo, pengine bila kujua wenzake wa jengo la pili walikuwa wakisoma nini.

Lipo, hata hivyo, jambo moja la zama hizi ambalo haliishi ndani ya jengo moja. Jambo hilo ni mabadiliko ya tabianchi, pamoja na elimu iendayo nayo, elimu ya uendelevu. Yaani kuitumia ardhi, maji, misitu na bahari kwa namna itakayowaachia watoto na wajukuu wetu nao fungu lao. Wazazi wengi wakilisikia hulihesabu kuwa ni tawi la jiografia, au ni shughuli ya kupanda miti na kufanya semina. Dhana hiyo huwanyima vijana wetu nafasi kubwa ya kuhudumu na kupata riziki. Ili kuona kwa nini, tutazame mfano ulio karibu nasi: mwani wa Zanzibar.

Zao la akina mama

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Njia yake ni nyepesi kuieleza, nzito kuitenda. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, mkulima huteremka hadi kwenye maji ya magotini. Huchomeka vigingi mchangani, hutandaza kamba baina yake, kisha hufunga vipande vya mwani kimoja baada ya kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akaubeba mzigo uliolowa hadi nchi kavu, akauanika juani na kumuuzia mnunuzi. Huko ng'ambo, mwani hukamuliwa kitu kizito kiitwacho karajinani, ambacho hutiwa katika dawa za meno, vyakula vya maziwa na vipodozi ili viwe na mshikamano.

Walio wengi kabisa katika kazi hii ni wanawake. Kwa akina mama wengi wa vijijini hiyo ilikuwa fedha ya kwanza kuishika kwa mikono yao wenyewe. Ilinunua sare na madaftari, ilitia bati juu ya nyumba, na ilibadilisha mazungumzo ya ndani ya familia kuhusu nani mwenye kauli.

Wakulima walipanda aina mbili: spinosumu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi sokoni. Lakini tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kotonii ilianza kufa katika mashamba ya maji mafupi. Mwani huota weupe, hulegea, kisha hukatika na kuchukuliwa na mawimbi. Watafiti wa bahari walilihusisha balaa hilo na kupanda kwa joto la maji ya ufukweni, pamoja na vimelea na majani madogo yanayojishikiza juu ya mwani uliokwisha kudhoofika. Spinosumu imestahimili zaidi, ila bei yake ni duni. Hivyo mama yule yule hutoa jasho lile lile, akarudi nyumbani na fedha pungufu.

Swali ni hili: ni mtaalamu gani aitwe?

Meza moja, viti vingi

Tuanze na mwanabiolojia wa bahari. Huyu ataeleza kiwango cha joto ambacho mwani hukivumilia, ataukagua ugonjwa kwa darubini, na atatafuta mbegu iliyo imara zaidi. Akimaliza, bado hatujajua kwa nini maji yamepata joto. Hapo anahitajika mwanafizikia wa bahari na hali ya hewa, atakayetuambia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalobaki duniani kwa sababu ya hewa ukaa humezwa na bahari. Mkulima wa Paje hakuchimba makaa ya mawe wala hakujenga viwanda vya chuma, lakini joto la viwanda hivyo limemfikia magotini.

Mhandisi naye huja na ushauri wa maana: mwani upelekwe kwenye maji ya kina, ambako joto hupungua, upandwe kwa kamba zinazoelea au ndani ya nyavu za mirija zisizouachia ukatike. Njia hizo zimejaribiwa Zanzibar na zimeonesha kuwa kotonii inaweza kuota tena.

Lakini mara tu shamba linapohamia kwenye kina, huzuka maswali ambayo mhandisi hakuyasomea. Mama aliyezoea kwenda shambani kwa miguu sasa anahitaji chombo. Chombo ni cha nani? Katika vijiji vingi vya pwani, vyombo na bahari ya kina vimekuwa kazi ya wanaume kwa karne nyingi. Wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Atafundishwa na nani, wapi, na kwa mavazi gani ya stara? Kama hayo hayakujibiwa, dawa iliyokusudiwa kumsaidia mama itaishia mikononi mwa mwenye mashua. Hapa wanahitajika wanasosholojia, walimu, na wazee wanaoijua jamii yao.

Kisha aje mchumi. Yeye atauliza kwa nini mwani uondoke mkavu na mbichi wa kazi, thamani yake ikaongezwa mbali. Miongoni mwa waliolishughulikia swali hilo ni Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar tangu 1978. Pamoja na nyavu za mirija, yeye na wakulima walijishughulisha na kusaga unga wa mwani na kutengeneza sabuni, ili fedha ya ziada ibaki kijijini.

Mwanasheria ana kiti chake pia. Ukanda wa maji kupwa hauna hatimiliki kama kiwanja. Mkulima wa mwani, mvuvi, na mtalii mwenye ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi, wote wanaitaka pwani ile ile. Haki ya kila mmoja inaandikwa wapi, na anayeonewa anakwenda kushitaki kwa nani? Daktari naye asiachwe, kwa kuwa kusimama majini kwa saa nyingi, kuinama, kubeba mizigo iliyolowa na kuangaliwa na mng'ao wa jua juu ya maji huacha maumivu ya mgongo na ya macho.

Ukimtoa mmoja katika hawa, kazi ya wengine hulemaa. Mbegu nzuri bila soko ni hasara, soko bila sheria ni ugomvi, na mashua bila mwanamke anayejua kuogelea ni msiba unaosubiri siku yake. Hii ndiyo maana ya taaluma mtambuka: fani kadhaa, kila moja ikiwa kamili, kukaa mbele ya tatizo moja na kulitatua kwa pamoja.

Waliotangulia walitoka fani mbalimbali

Historia ya elimu hii inathibitisha jambo hilo. Wazo la uendelevu kwa maana ya kitaaluma liliandikwa mapema na Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, mwaka 1713. Shida yake ilikuwa kuni. Tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zikimaliza misitu, naye akashauri watu wasikate zaidi ya kile ambacho msitu unaweza kukirudisha. Aliyekokotoa kwa mara ya kwanza kiasi ambacho hewa ukaa ingeweza kuipasha dunia joto, mwaka 1896, alikuwa mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius. Na mwaka 1958, Charles Keeling alipoanza kupima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, alikuta sehemu zipatazo 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420.

Neno maendeleo endelevu lilienea duniani kupitia ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987. Mwenyekiti wake, Gro Harlem Brundtland, alikuwa daktari wa tiba aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Norway. Makamu wake, Mansour Khalid, alikuwa mwanasheria kutoka Sudan. Kwa jirani zetu wa Kenya, Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la kupanda miti mwaka 1977, alikuwa amesomea na kufundisha anatomia ya wanyama.

Hata Tuzo za Nobel zinasimulia kisa hicho hicho. Kwa kazi zinazohusu mazingira na tabianchi, Tuzo ya Amani ilikwenda kwa Wangari Maathai mwaka 2004, na mwaka 2007 ikagawanywa baina ya Al Gore na Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi. Mwaka 2018 Tuzo ya Uchumi ilimfikia William Nordhaus, na mwaka 2021 Tuzo ya Fizikia ikawafikia Syukuro Manabe na Klaus Hasselmann. Amani, uchumi na fizikia, na jambo ni moja.

Jopo hilo la kimataifa, lililoundwa mwaka 1988, limegawa kazi zake katika makundi makuu matatu: sayansi ya tabianchi yenyewe, athari zake na namna ya kukabiliana nazo, na njia za kupunguza gesi zinazoleta joto. Makundi hayo huwaketisha pamoja wanafizikia, wachumi, wataalamu wa afya, wa kilimo na wa sera. Mtanzania Dk. Ladislaus Chang'a, wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, alichaguliwa Julai 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wake. Mlango huo, basi, haujafungwa kwa watoto wa nchi hii.

Fiqhi nayo ina kiti

Ipo fani moja ambayo mara chache hualikwa kwenye meza hii, nayo ni elimu ya dini. Kisiwa kidogo cha Misali, magharibi mwa Pemba, kinatupa somo. Wazee husimulia kwamba Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, usipatikane. Akasema kisiwa chenyewe kilivyoelekea ni mithali ya msala, na jina likabaki. Kisiwa hicho, kilichozungukwa na matumbawe na kutegemewa na wavuvi wengi wa Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998.

Kanuni zilikuwepo, lakini uvuvi haribifu haukukoma kwa kanuni peke yake. Ndipo wataalamu wa uhifadhi, wakishirikiana na wanazuoni wa Kiislamu, walipoamua kuzungumza na wavuvi kwa lugha wanayoijua tangu utotoni: ukhalifa wa binadamu duniani, amana, katazo la israfu, na hima, yaani eneo ambalo tangu zama za mwanzo za Uislamu liliwekewa mipaka ili lihifadhiwe kwa manufaa ya wote. Biolojia ilieleza kwa nini samaki hupungua matumbawe yanapovunjwa. Fiqhi ilieleza kwa nini kuyavunja ni kuwadhulumu wengine. Mvuvi alihitaji yote mawili.

Mwelekeo huo umeendelea ulimwenguni. Agosti 2015, wanazuoni na wanataaluma wa Kiislamu waliokutana Istanbul walitoa tamko kuhusu tabianchi, miezi michache kabla ya Mkataba wa Paris. Februari 2024, waraka mwingine uitwao Al-Mizan ulizinduliwa Nairobi. Kijana anayesoma sharia au taaluma ya Kiislamu, kwa hiyo, hana haja ya kudhani kuwa jambo hili ni la wenzake wa maabara.

Mshika mbili, moja humponyoka?

Mzazi mwenye hekima atauliza hapa: je, mwanangu akisoma kidogo cha kila kitu, hatatoka chuoni hajui chochote? Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Onyo hilo ni la haki, na lisipuuzwe. Wapo wahitimu duniani wenye vyeti vya mazingira ambao wanajua kueleza matatizo kwa ufasaha, lakini hawawezi kupima maji, kuchora ramani, kuandika mkataba wala kukokotoa hesabu za mradi. Mwajiri hamwajiri mtu kwa sababu ana uchungu na dunia. Humwajiri kwa sababu ana kazi anayoijua.

Jawabu liko katika mpangilio. Zipo njia tatu kuu za kuisoma elimu hii chuoni. Ya kwanza ni shahada nzima ya mazingira au uendelevu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, kilichofungua kitivo kamili cha uendelevu mwaka 2006. Ya pili ni kusoma fani moja iliyozoeleka, kama uhandisi, sheria, uuguzi au uchumi, na ndani yake kuchagua masomo ya hiari yanayohusu tabianchi. Ya tatu ni kumaliza shahada ya kwanza katika fani, kisha kuingia kwenye tabianchi katika shahada ya uzamili, ambako mwanasheria na mtaalamu wa kilimo hukutana darasa moja.

Kwa familia nyingi za hapa kwetu, njia ya pili na ya tatu ndizo salama zaidi. Mti huanza na shina; matawi huja baadaye. Kijana mwenye shina la fani moja hatakosa mahali pa kusimama, na akiongeza tawi la tabianchi atakuwa na kitu ambacho wenzake wa fani ile ile hawana.

Nafasi za kufanya hivyo zipo nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha masomo ya mabadiliko ya tabianchi, mbali na taasisi yake ya bahari iliyopo Zanzibar. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho chenye kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni, pamoja na masomo ya misitu, udongo na mifugo. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha mipango miji na uhandisi wa mazingira, fani ambazo kila mvua kubwa ya Dar es Salaam hutukumbusha umuhimu wake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujaza fomu

Mzazi au mlezi hahitaji kuwa mtaalamu ili kumshauri kijana vyema. Yatosha kuuliza maswali machache, na kuyasubiri majibu.

Kwanza, je, programu hiyo imesajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Jina zuri la kozi halitoshi.

Pili, kijana atatoka na ujuzi gani wa mkono? Aulizwe kuhusu takwimu, ramani za setilaiti, kazi za maabara, uandishi wa sera au usimamizi wa fedha. Angalau mmoja uwe wake kikamilifu.

Tatu, wanafunzi hupelekwa nje ya darasa? Elimu hii haisomwi kwa vitabu peke yake. Atakayeketi na wakulima wa mwani kwa wiki mbili atajua mambo ambayo hayamo katika mihadhara.

Nne, walimu wanatoka idara ngapi? Kozi inayojiita mtambuka, na walimu wake wote wakawa wa idara moja, imebadilisha jina tu.

Tano, na hili aulizwe kijana mwenyewe: ni tatizo gani la watu wetu linalokusumbua moyo? Visima vilivyoingia chumvi, mifugo iliyokufa kwa ukame, mafuriko ya bondeni, au mwani uliokatika? Mwenye jibu la swali hilo huchagua masomo kwa utulivu, na huvumilia ugumu wake kwa sababu anajua anamsomea nani.

Neno la mwisho ni kuhusu mabinti. Katika kisa cha mwani tumeona kwamba wanaoumia kwanza ni wanawake, na kwamba maswali mengine, kama ya kuogelea, ya stara na ya nani amiliki chombo, huzungumzwa kwa uwazi zaidi baina ya wanawake wenyewe. Binti aliyelelewa katika kijiji cha mwani, akasoma uhandisi, uchumi au sayansi ya bahari, atakaa na mama zake na shangazi zake kwa namna ambayo mgeni hawezi. Ada inayolipwa na jasho la mwani imwandalie binti huyo kiti kwenye meza ambako hatima ya mwani inajadiliwa.